Kapteni Selous, Mwindaji Aliyezikwa Beho Beho

Maji ya Mto Kilombero yapitayo chini ya daraja letu hapa Ifakara yana safari ndefu. Hushuka yakakutana na Mto Luwegu penye maporomoko ya Shuguli, na toka hapo mto huitwa Rufiji mpaka baharini. Kaskazini ya Rufiji, katika pori lisilo na vijiji, pana mahali paitwapo Beho Beho, na hapo lipo kaburi la Mwingereza mmoja aliyezikwa chini ya mkwaju. Mwaka 1922 jina lake lilipewa pori lile kubwa la wanyama. Wengi wetu tumelitaja jina la Selous tangu utotoni bila ya kujua kuwa lilikuwa jina la mtu. Mimi mwenyewe mpaka Kidato cha Pili nilidhani ni neno la Kindamba, maana wazee wetu hutamka Selu tu, basi.

Nimechagua kuandika habari zake muhula huu kwa ajili ya babu yangu. Babu alikuwa askari wa Bwana Nyama miaka mingi katika bonde hili, na kila alipotufundisha sisi wajukuu habari ya bunduki na umbali, alimtaja Selous. Hakumtaja kwa kuwa alipiga mbali. Alimtaja kwa kuwa alikuwa mtu wa kukaribia.

Frederick Courteney Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851. Baba yake alikuwa mtu mkubwa katika soko la hisa la London, na nyumba yao haikukosa kitu. Lakini kijana alikuwa amesoma vitabu vya wasafiri wa Afrika, na moyo wake ulikuwa huku. Alipokuwa mtoto wa miaka kama 10 katika shule ya bweni, mwalimu mkuu alipita usiku akamkuta amelala sakafuni, hana nguo ila kanzu ya kulalia. Alipoulizwa alijibu kwamba atakuwa mwindaji Afrika, basi anajizoeza kulala chini. (Sisi wa bweni letu hatuhitaji mazoezi hayo, magodoro yetu yanatuzoeza ya kutosha.) Baadaye alisoma katika shule ya Rugby, na huko alijulikana kwa kutoroka kwenda kutafuta mayai ya ndege.

Januari 1867, akiwa na umri wa miaka 15, alikuwa pamoja na watu wengi juu ya ziwa dogo lililoganda kwa baridi katika bustani ya Regent's Park, wakiteleza kwa viatu vya chuma kama ilivyo desturi ya kule. Barafu ikavunjika, na watu wapatao 40 wakafa maji. Wengi walikimbia huku wakipiga makelele. Yeye alilala kifudifudi juu ya kipande cha barafu, akatambaa kutoka kipande hata kipande mpaka akafika ukingoni. Tukio hili nalitaja kwa kuwa tabia ile ya kulala chini, kutulia na kutambaa ndiyo iliyomsaidia baadaye mbele ya tembo.

Septemba 1871 alishuka Afrika ya Kusini, umri wake miaka 19, na mfukoni ana pauni 400. Alikuwa ameleta bunduki nzuri ya kisasa kutoka kwao, nayo ikaibiwa alipokuwa njiani kwenda kwenye machimbo ya almasi ya Kimberley. Mwaka uliofuata alifika Bulawayo kwa Mfalme Lobengula kuomba ruhusa ya kuwinda tembo. Mfalme alimtazama yule kijana asiye na ndevu akacheka, akamwuliza kama hakuja kuwinda swala wadogo. Hatimaye akamruhusu aende apendako, kwa kuwa alimwona ni mtoto tu.

Kwa fedha zilizobaki Selous alikuwa amenunua magobori mazito yaliyotengenezwa Birmingham, ya namna rahisi iliyouzwa kwa wafanya biashara. Gobori moja lilirusha risasi ya mviringo yenye uzito wa gramu 113 hivi. Baruti aliibeba katika mfuko wa ngozi ubavuni, akaichota kwa konzi huku akikimbia nyuma ya tembo. Mwalimu wake wa kuwinda alikuwa Mwafrika wa kabila la Wahotentoti aliyeitwa Cigar, naye alimwonyesha namna ya kuwafuata kwa miguu, kwa sababu katika nchi ya mbung'o farasi hawaishi. Walinyatia mpaka hatua 30 au 20, na mara nyingine karibu kuliko hapo. Juu ya mtutu hapakuwa na darubini. Palikuwa na alama ya chuma tu, na moshi wa baruti ulipofuka hukumwona tembo mpaka upepo uupeleke.

Siku moja fataki ililia lakini baruti haikushika moto. Mbeba bunduki katika haraka akashindilia baruti na risasi ya pili juu ya ile ya kwanza. Selous hakujua. Alipofyatua tena aliinuliwa juu akaangushwa kifudifudi mchangani, na gobori likaruka nyuma yake mbali. Uso ulitoka damu na mkono wa kuume haukuinuka. Baada ya miaka kupita, alipokuwa amekwisha hamia kwenye bunduki nyepesi za Gibbs wa Bristol, alieleza kwamba hasara kubwa ya magobori yale haikuwa bega. Yalimharibu mishipa ya fahamu, hata akawa anashtuka kabla ya mlio, na kwa hiyo alikosa shabaha nyingi nyepesi maisha yake yote. Hakujiita mlenga shabaha hodari. Alijiita wa kawaida. Ni jambo la ajabu kwa mtu ambaye jina lake lilijaa Ulaya kwa uwindaji.

Hapa ndipo babu alipokuwa akisimama katika hadithi yake na kutaka ufito. Aliulaza ufito juu ya gunia la mpunga, akafunga juu yake kipande cha bomba, akasema kwamba hiyo ndiyo bunduki na hiyo ndiyo darubini yake. Yeye kazini hakupewa bunduki yenye darubini. Aliijua kwa wageni waliokuja bondeni kuwinda kwa leseni, maana kazi yake ilikuwa kufuatana nao na kuona sheria inashikwa. Wengi wao, kwa maneno yake, walidhani darubini hupeleka risasi.

Darubini rahisi ya bunduki hukuza kitu mara 4. Ndani yake mna nyuzi mbili nyembamba zinazokatana kama msalaba, na juu yake mna vidude viwili vya kuzungushwa, kimoja cha kupandisha na kushusha, kingine cha kupeleka kulia na kushoto. Kwanza bunduki huegemezwa juu ya mfuko wa mchanga, mtu akapiga karatasi risasi 3 kwa umbali wa meta 100, kisha hutazama katikati ya matundu matatu, si tundu moja alipendalo. Halafu huzungusha. Katika darubini nyingi kila mlio mdogo wa kidude huihamisha risasi kiasi cha milimeta 7 kwa meta 100, na kwa meta 200 huwa mara mbili ya hiyo. Akiisha kusafiri na bunduki garini katika njia mbovu, hana budi kupiga karatasi tena, maana darubini iliyogongwa hudanganya wala haisemi kwamba inadanganya.

Jicho nalo lina mahali pake, karibu vidole vinne nyuma ya kioo. Likikaribia mno, bunduki inaporudi nyuma kioo hupasua nyusi. Likienda pembeni, mtu huona kivuli cheusi upande mmoja, na risasi haitakwenda penye msalaba. Tena darubini hukuza mnyama pamoja na mtetemeko wa mikono. Mtu aliyekimbia huona msalaba unacheza juu ya mnyama mzima kutoka mkia mpaka pembe. Dawa yake si kulazimisha. Dawa ni kukaa chini, kuegemeza, kuvuta pumzi na kuitoa nusu, kisha kubana kidole pole pole hata mlio wenyewe umshangaze. Kushtuka kule alikopata Selous kwa magobori hakutibiwi na kioo.

Habari ya risasi kuanguka nimeielewa vizuri zaidi darasani katika somo la fizikia kuliko kwa babu, nami namwomba radhi. Risasi ikitoka tu mtutuni huanza kuanguka kama jiwe lililoachwa mkononi. Chukua bunduki ya kuwindia ya kawaida, ambayo risasi yake hutoka kwa mwendo wa meta 800 hivi kwa sekunde. Ikiwa imelinganishwa na msalaba kwa meta 200, basi kwa meta 100 itapiga juu kiasi cha sentimeta 5, kwa meta 300 itapiga chini kiasi cha sentimeta 25 au zaidi, na kwa meta 400 chini karibu sentimeta 75, yaani mkono mmoja na nusu. Ona jinsi meta 100 za mwisho zinavyokula kuliko za kwanza. Upepo wa kawaida wa kutikisa matete, ukivuma kutoka ubavuni, huweza kuisukuma shubiri moja kwa meta 300. Na mahali pa kumpigia sheshe wa bondeni ili afe mara moja, nyuma ya bega, hapazidi sana ukubwa wa sahani ya kulia.

Sasa kakadirie umbali katika mbuga ya Kilombero! Nchi ni tambarare, hakuna mti wa kupimia, na saa sita mchana hewa hucheza kama maji juu ya moto. Sheshe aliye meta 350 huonekana katika darubini kana kwamba ni meta 90. Babu aliwaambia wageni wahesabu hatua siku ya kwanza mpaka kichuguu wakijuacho, kisha wakitazame kichuguu kile katika darubini na kukariri kinajaza nafasi gani. Aliwaambia pia wasipige umbali ambao hawajaupigia karatasi. Wengine walimsikia.

Mmoja hakumsikia. Ilikuwa jioni, kundi la mbogo limetoka kwenye matete, na yule bwana alikuwa na bunduki ya thamani na darubini safi. Babu alimwashiria wanyatie, maana upepo ulikuwa mzuri na ile mifereji ingewaficha mpaka hatua 80. Mgeni alitazama katika kioo akaona pembe, masikio, hata ndege juu ya mgongo. Akafyatua pale pale. Mbogo dume alipinda mgongo akaingia matete, na giza likaingia naye. Risasi ilikuwa imempata tumboni. Asubuhi, kabla babu na wenzake hawajaifikia damu, mkulima mmoja aliyekuwa akienda kuamia ndege katika shamba lake la mpunga alikutana na mbogo yule njiani. Babu alimmaliza mbogo kwa hatua 15. Mkulima alipona, lakini mguu wake haukurudi kuwa mguu. Mgeni alikuwa amekwisha ondoka siku ile ile. Babu alipokuwa akisimulia haya hakutazama mtu, alikuwa akifungua kile kipande cha bomba kutoka kwenye ufito.

Ndiyo maana alimpenda Selous, ingawa mimi nina neno juu ya Selous.

Kwa miaka karibu 20 Selous alitembea katika nchi za Wandebele na Washona. Alikula nyama na watu wale, akazijua njia na vivuko vyao, akaandika vitabu vilivyosomwa sana, cha kwanza mwaka 1881. Na katika mwaka 1890 ujuzi ule aliutumikisha kwa Cecil Rhodes. Aliliongoza jeshi la walowezi kuingia Mashona, akichagua njia ya upande wa mashariki ili wasipambane na majeshi ya Lobengula, yule yule aliyempa ruhusa akiwa kijana. Mwaka 1893 vita vikaja, Selous akajeruhiwa akiwa upande wa wavamizi, na Lobengula akafa mwaka 1894 akiwa mkimbizi. Wandebele walipoinuka mwaka 1896 alipigana nao tena. Waandishi wengi wa Kiingereza humsifu kwa uungwana wake, na huenda ni kweli kwamba hakudanganya mtu wala hakujisifu. Lakini mfalme aliyecheka siku ile alikuwa na haki ya kutojua kwamba alikuwa akimfungulia mlango mtu wa namna gani. Kuhusu tembo vile vile, aliona mwenyewe jinsi walivyopungua, na bunduki zake zilikuwa na sehemu yao katika kupungua huko.

Baadaye aliwinda zaidi kwa ajili ya elimu. Alikusanya wanyama zaidi ya 500 ambao wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya viumbe la London. Mwaka 1909 Bwana Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza urais wa Marekani, alikuja kuwinda Kenya, na Selous alimsaidia kuipanga safari ile, wakafika Mombasa kwa meli moja.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Selous alikuwa na miaka 62. Aliomba kuingia jeshini akakataliwa kwa ajili ya uzee. Akaomba tena. Mwaka 1915 alipokelewa katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, ambacho kilikusanya wawindaji na wasafiri wa kila aina, akaja Afrika ya Mashariki kupigana na Wajerumani. Alikuwamo katika shambulio la Bukoba mwezi wa Juni mwaka ule. Vijana waliugua homa na kuhara, wakarudishwa makwao mmoja mmoja, na mzee akaendelea kutembea. Mwaka 1916 naye alipelekwa Uingereza akapasuliwa, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudi.

Katika vita hiyo hiyo, kule Ulaya, darubini ya bunduki ilipata kazi mpya. Wajerumani walikusanya bunduki za wawindaji zenye darubini wakawapa askari wao walenga shabaha, na Waingereza waliokuwa mahandakini wakauawa bila ya kujua risasi imetoka wapi. Mwingereza aliyewafundisha wenzake kujibu alikuwa mwindaji pia, Hesketh-Prichard, ambaye mwaka 1916 alianzisha shule ya walenga shabaha nchini Ufaransa. Alipokagua bunduki zenye darubini zilizokuwa tayari mikononi mwa askari, aliona nyingi hazikulinganishwa. Walikuwa wakitazama vizuri na kukosa vizuri. Babu hakupata kusikia habari hii, nami ningependa sana kumwambia.

Selous alitimiza miaka 65 tarehe 31 Desemba 1916. Siku nne baadaye, tarehe 4 Januari 1917, kikosi chake kilikuwa Beho Beho kikijaribu kuwakatia njia askari wa Kijerumani waliokuwa wakirudi nyuma kuelekea Rufiji. Askari wa adui walijificha vichakani na kupiga risasi. Selous alisogea mbele na watu wake, akalala chini, na ili ajue zinatoka wapi aliinua kichwa atazame kwa darubini yake ya mkononi. Risasi ya mlenga shabaha ikampata kichwani. Akafa pale pale. Mtu aliyeponyoka kwenye barafu kwa kulala kifudifudi, na aliyetambaa mbele ya tembo miaka mingi, aliinuka kidogo tu mara ile moja.

Walimzika karibu na alipoangukia. Vita iliendelea mpaka Novemba 1918, na wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya pande zote mbili walikufa kwa maelfu, wala juu yao hapana mawe yenye majina. Mwaka 1920 sanamu ya Selous, akiwa ameshika bunduki, iliwekwa katika jumba lile la makumbusho la London. Pori lililoitwa kwa jina lake liliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1982, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa, pamoja na Beho Beho, ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Selous aliacha mke na wana wawili. Mkubwa, aliyeitwa Frederick kama baba yake, alikuwa rubani wa ndege za vita. Aliuawa angani kule Ulaya akiwa na miaka 19, tarehe 4 Januari 1918, mwaka mmoja kamili baada ya Beho Beho.